Mita za Wazee Hulala

Subilaga aliandika sifuri mahali palipotakiwa kuandikwa nguvu ya mama yake.

Ilikuwa sifuri nzuri, ya mviringo, maana mama yake ndiye aliyemfundisha kuandika tarakimu, tena kwa kumgonga vidole kwa rula kila alipoikandamiza penseli. Kichwa cha karatasi kilisomeka hivi: Nyumba namba 88, Mtaa wa Mvuke. Waliounganishwa: Tumpe, mwalimu mstaafu, miaka sitini na mmoja, Sekela, mjukuu wake, miaka kumi na miwili kasoro siku tisa. Chini palikuwa na nafasi ya jina la msuluhishi, na hapo Subilaga, mtoto wa mmoja na mama wa mwingine, alikuwa bado hajatia sahihi.

Mji mwingine ungempa mtu mwingine karatasi ile. Isangala ilikuwa na wasuluhishi wawili tu, yeye na Ambakisye, na sheria ilitaka mikono miwili. Zamani, mashine ndiyo iliyogawa umeme wa mioyo, mpaka asubuhi moja ya baridi ilipoamua yenyewe kubana matumizi katika mtaa mzima. Waliobaki hai wakaapa kwamba mkondo wa mtu utakokotolewa na mtu, kwa penseli, katika vyumba viwili vilivyotenganishwa na ukuta. Karatasi mbili zikilingana, fundi anatumwa. Zisipolingana, hakatwi mtu. Kidole kimoja hakivunji chawa, walisema, na tangu hapo walilala usingizi mzuri.

Nyumba huchorwa kama pete mbili zilizoshikana. Pete ya kwanza hutoka ukutani, volti kumi za mtambo wa mvuke. Hupita kwenye waya wa mtaa, wenye ukinzani wa nne, hufika kwenye kiungo cha nyumba, hupita kifuani kwa mtoto, ukinzani wa tatu, kisha hurudi. Pete ya pili huanzia kwenye kiungo hicho hicho, hupita kifuani kwa bibi, ukinzani wa mbili, nayo hurudi. Baada ya hapo huchorwa mishale. Mkondo unaotoka ukutani huitwa x, unaoingia kwa bibi huitwa y, na mtoto hupata kilichobaki, x kutoa y, kwa kuwa umeme haupotei njiani. Mlinganyo mmoja hautoshi kuwafichua wawili wasiojulikana, hivyo kila pete hutoa wake:

7x − 3y = 10
3x − 5y = 0

Ile sifuri ya mwisho ndiyo iliyokuwa mama yake.

Jedwali, kitabu cha vipimo walichokifuata wasuluhishi, halikuwa na ubaya na mtu. Aliyeguswa na homa ya kimya hubaki na moyo wa bandia, usiodunda mpaka mkondo uupitie, na kwa hiyo huishi ameunganishwa na waya unaoteleza juu kwenye reli ya dari. Akitimiza miaka ishirini hupandikizwa seli chini ya mbavu, kipande cha nyama kilichokuzwa kutoka kwa samaki wa umeme, ili chakula anachokula kimpe volti kidogo za kwake. Seli huchoka. Kuipima kunataka waya ukatwe kwa sekunde kumi, na sekunde kumi bila moyo zilishawahi kuwaua wazee wawili. Ndipo Jedwali likaamua, kwa huruma kabisa, kwamba mtu akivuka sitini asipimwe tena. Aandikwe sifuri.

Subilaga alisuluhisha. Kutoka ukutani, moja nukta tisa mbili. Kwa bibi, moja nukta moja tano. Kwa mtoto, sifuri nukta saba saba. Mtoto wa miaka kumi na miwili anatakiwa apate moja nukta mbili, la sivyo moyo wake utaanza kuruka mapigo, na hapo mzee wa nyumba hukatwa waya. Akageuza karatasi na kuichora nyumba bila pete ya pili. Kumi gawanya kwa saba. Moja nukta nne tatu.

Alirudia mara nne. Mara ya tano alijikuta anaombea akosee, na huo ndio ulikuwa wakati wa kuacha. Akatia sahihi, akaisukuma karatasi kwenye tundu la ukutani. Upande wa pili alimsikia Ambakisye akikohoa, kisha karatasi yake ikaja. Zililingana mpaka tarakimu ya mwisho. Pembeni, kwa herufi ndogo, aliandika: Pole, dada Subi. Alikuwa mwalimu wangu pia.

*

Subilaga alimkuta mama yake amekaa kwenye ngazi za mawe nyuma ya nyumba, anamenya ndizi. Reli ya nyumba ile ilitokeza nje chini ya paa, ikashuka na ngazi mpaka kwenye migomba, kwa hiyo bibi na mjukuu waliweza kufika hadi shambani na waya zao zikiwafuata kwa juu. Sekela alikuwa anapanda na ndoo ya maji, anaimba wimbo wa kuhesabu aliofundishwa na bibi yake. Ngazi zilikuwa ishirini na sita. Alizipanda zote bila kukata ubeti.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Wameandika ngapi?"

Subilaga alimwangalia Sekela, aliyekuwa amefika juu na ndoo yake.

"Sekela mama, peleka maji ndani, ukamalizie ile sura ya sita," Mwalimu Tumpe alisema. Mtoto alipoingia akauliza tena. "Nimekuuliza, wameandika ngapi?"

"Sifuri, Mama. Ni Jedwali."

"Na hizi ndizi ninazokula kila siku zinaenda wapi?"

"Mama."

"Nipimeni."

"Ni sekunde kumi. Kwa umri wako siwezi kukubali, unaweza ukafa mikononi mwetu."

"Na mtakaponikata, Subi, mtanikata kwa sekunde ngapi?"

 Mama yake aliweka kisu ndani ya beseni, akajifuta mikono kwa khanga, polepole, kama alivyokuwa akifanya darasani kabla ya kuchukua chaki.

"Mita ya ukutani inasema moja. Wewe x yako imetoka ngapi?"

"Moja nukta tisa mbili."

"Basi?"

"Mita za wazee hulala, Mama. Hilo kila mtu analijua."

Kweli kila mtu alilijua. Ulikuwa msemo wa mji, watoto waliuimba. Nyumba yoyote yenye mzee, mita yake ilisoma chini ya hesabu, na mafundi walishachoka kubadilisha mita ambazo nazo zililala siku ile ile. Mzee akishaondoka, mita iliamka. Watu waliona ni adabu ya vyombo: hata mita, walisema, humwonea mzee haya.

"Mimi nimefundisha miaka thelathini na nne," alisema Mwalimu Tumpe. "Mwanafunzi akipata jawabu moja na kipimo kikapata lingine, nilikuwa simwambii akipige kipimo makofi. Mtoto anayepata sifuri nukta saba saba anapanda ngazi anaimba? Umemsikia mwenyewe sasa hivi. Nenda karudie na nguvu yangu ndani, hata kwa kukisia."

Hapo ndipo Subilaga aliposema neno ambalo baadaye angelitoa roho yake kulirudisha. Alikuwa amechoka, na alikuwa na aibu. Alidhani anamwona mama yake, mwanamke ambaye hakuwahi kumwona akiogopa kitu, anang'ang'ania uhai kwa ujanja wa hesabu.

"Mama, huyu ni mjukuu wako."

Mwalimu Tumpe aliinama kwenye beseni. Akachukua kisu, akachukua ndizi nyingine.

"Ni siku gani?" aliuliza.

"Jumanne. Asubuhi."

"Sawa. Ukipita jikoni niletee chumvi."

*

Jumanne ukungu ulishuka mpaka kwenye madirisha. Majirani walikuja na maziwa mgando kwenye vibuyu, ndivyo walivyoaga watu Isangala: kila mtu hunywa funda moja na kumpa anayeondoka funda la mwisho. Fundi Mwasomola alikuja na koleo lake limefungwa kwa kitambaa cheupe. Alipiga goti mlangoni.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Mwasomola. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo, Mwalimu. Wa kwanza yuko kidato cha pili."

"Hesabu anaziweza?"

"Anajitahidi."

"Mwambie asifutefute sana. Nilikuwa nakuambia wewe hivyo hivyo."

Alikuwa amevaa gauni lake la bluu la siku za mitihani. Sekela alikuwa amekaa miguuni pake, mkono umeshika pindo la gauni. Walikuwa wameshaongea wenyewe tangu alfajiri, mlango umefungwa, na Subilaga hakuambiwa waliongea nini. Sasa bibi alimbusu utosini, akamkabidhi kwa jirani, mama mmoja mpole mwenye mikono mikubwa, naye akampeleka chumba cha nyuma.

Subilaga alivuta kigoda, akakaa karibu, akaushika mkono wa mama yake. Ulikuwa na joto na harufu ya ndizi mbichi.

"Hapana," alisema Mwalimu Tumpe. "Usikae hapa. Kasimame kwenye mita."

"Mama, niache nikushike."

"Nisikilize. Mimi nimeshindwa kukueleza kwa mdomo, na mbele ya mtoto sitaki kugombana na mwanangu. Sekela atapata moja nukta nne, hatakufa, hilo hesabu yako imesema kweli. Sasa nakuomba kitu kimoja. Wasuluhishi hamuendagi kuangalia nyumba zikikatwa. Leo upo. Kaangalie sindano inaelekea wapi. Mimi sitaweza kuiangalia."

"Nakuomba, Mama."

"Niahidi."

Aliahidi. Aliuachia ule mkono, akaenda ukutani, hatua saba. Mita ilikuwa ndani ya kisanduku chenye kioo, na sindano yake ilitulia kwenye moja, kama ilivyotulia miaka yote ya utoto wa Sekela. Nyuma yake alisikia kibuyu kikiwekwa chini, na mtu akivuta kamasi. Alisikia Mwasomola akisema, "Nisamehe, Mwalimu." Kisha koleo likalia mara moja.

Sindano ilipanda.

Iliondoka kwenye moja, ikavuka moja na robo, ikasimama kati ya moja nukta nne na moja nukta tano, na haikutikisika tena.

"Mita imeamka," alisema Fundi Mwasomola. "Poleni sana, wafiwa. Lakini mita imeamka. Mtoto amefunguliwa njia." Majirani waliitikia kwa makofi mepesi, kama desturi ilivyotaka.

Subilaga hakugeuka. Kwa hesabu yake, ukuta ulikuwa unatoa moja nukta tisa mbili, na bibi akiondoka ungebaki unatoa moja nukta nne tatu. Mtu mmoja ametolewa mezani, chakula kinachopakuliwa lazima kipungue. Hata mita mbovu inayosoma nusu ilipaswa kushuka, kutoka nusu ya ile hadi nusu ya hii. Hii ilikuwa imepanda, tena imekwenda kusimama juu ya jawabu sahihi, bila kukosea hata unywele. Kitu kilicholala hakiamki kikiwa kinajua hesabu. Ilikuwa inasoma kweli sasa, na ilikuwa inasoma kweli jana, na mwaka juzi.

Penseli ilikuwa nyuma ya sikio lake, alisahau kuitoa. Aliandika ukutani kando ya kisanduku. Kama x ni moja, basi saba kutoa 3y ni kumi. Kwa hiyo y ni hasi moja.

Alitaka kusema alikosea. Akaiingiza hasi moja kwenye pete ya pili, mahali pa sifuri pakiwa wazi, aone ni namba gani ingekaa pale. Tatu, jumlisha tano. Nane.

Volti nane. Mwanamke wa miaka sitini na mmoja, kwa ndizi na maharage. Mshale aliouchora ukiingia kwa mama yake ulikuwa unatoka kwake. Ukuta ulimpa mtoto moja, na bibi alimpa moja, na Sekela alikuwa anapanda ngazi ishirini na sita kwa mkondo wa mbili. Na moyo wa bibi wenyewe, ambao haujali mkondo unaelekea wapi mradi unapita, ulikuwa unadunda kwa kile kile alichokuwa anakitoa. Alipokatwa asitoe tena, ukasimama.

Ndipo Subilaga akageuka. Kigoda kilikuwa pale pale alipokiacha, na mkono wa mama yake ulikuwa umelala kwenye gauni la bluu, kiganja juu. Alikwenda akaushika. Joto lilikuwa bado lipo. Alilia kwa sauti mbele ya watu wote, na watu wote walidhani wanajua analia nini.

*

Daftari alilikuta siku ya tatu baada ya mazishi, chini ya mto, daftari la shule lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada. Mwalimu Tumpe alikuwa ameikokotoa nyumba namba 88 kwa mwandiko wake wa ubaoni, hatua kwa hatua, bila kuruka hata moja, akianza na ile moja ya mita. Chini ya jawabu alikuwa ameandika kama anavyomsahihishia mtoto: *Jawabu hasi si kosa. Mshale ndio uliochorwa kinyume. Acha mshale, soma alama.*

Hakuwa ameandika kitu kingine. Subilaga alipekua kurasa zote akitafuta jina lake, akitafuta hata tusi. Majuto ni mjukuu, wanasema wahenga, na mjukuu mwenyewe alikuwa chumba cha pili amelala saa nne ya asubuhi.

Sekela hakuwa anaumwa. Daktari wa mtaa alimpima akasema amezidi kiwango, ana moja nukta nne tatu na wenzake wengi wana moja nukta mbili. Lakini alikuwa amezoea mbili. Ngazi alizipanda kumi na tatu, akakaa, akasubiri, akapanda kumi na tatu. Kuimba hakuimba. Na akitimiza kumi na tano Jedwali litamtaka afikishe moja nukta sita, ambayo ukuta ule hauna.

Subilaga alikwenda kazini akiwa na daftari kifuani. Karatasi mpya ilikuwa mezani: Nyumba namba 31, mzee Gwakisa, mtengeneza mizinga, miaka sitini na minne, na watoto wawili wa binti yake. Mita ya nyumba imelala, aliandika fundi pembeni.

Sheria ilikataza wasuluhishi kuonana wakati wa kazi. Subilaga alizunguka, akafungua mlango wa Ambakisye bila kubisha, akaliweka daftari mbele yake. Ambakisye alikuwa mtu mnene mwenye nywele nyeupe na mikono midogo. Alisoma. Alipofika kwenye alama ya hasi alirudi juu, akasoma tena, kidole kikifuata kila mstari.

"Alikisia hii nane," alisema.

"Hakukisia. Mita ilimwambia. Na mita ilipanda, nimeiona kwa macho yangu."

"Mita huwa zinaamka."

"Zinaamka vipi, Ambakisye? Wewe ni msuluhishi. Tukimtoa mlaji, ukuta unatoa zaidi?"

Ambakisye alilifunga daftari. Nje mtambo wa mvuke ulipumua, ukanyamaza, ukapumua.

"Tulikuwa wawili," alisema mwishoni. "Sheria ya mikono miwili. Ningekosea mimi, wewe ungenikamata."

"Tulisoma Jedwali moja. Wawili wakisoma kitabu kimoja, huo ni ushahidi wa mtu mmoja."

"Ni nyumba arobaini na moja, dada Subi. Miaka mitatu. Zote mita ziliamka. Unajua ya kwanza ilikuwa ya nani?"

Alijua. Ilikuwa nyumba ya mama yake Ambakisye.

"Niliyanywa yale maziwa," alisema. "Nilimwambia mdogo wangu, sasa mtoto wako atapona. Yule mtoto mpaka leo hana nguvu, tunasema ni minyoo." Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa, akaivua tena. "Ukilisema hili hadharani, nyumba arobaini na moja zitaamka kesho zikijua kwamba ziliua mtu aliyekuwa anazilisha. Utawapa nini badala yake? Hatuwezi kumrudisha hata mmoja. Tubadilishe Jedwali kimya kimya. Tuseme utafiti mpya. Waachie watu msiba wao ulivyo, angalau ni msiba safi."

Subilaga alilifikiria hilo, na tusimdanganye msomaji, lilimvutia. Angeweza kurudi nyumbani akiwa mtoto aliyefiwa tu. Sekela angekua akijua bibi alijitoa ili yeye apate nafasi, na angemkumbuka kwa shukrani iliyo kinyume kabisa na kweli. Hakuna ambaye angemtazama Subilaga sokoni na kuhesabu zile hatua saba.

"Mama aliniomba nimpime," alisema. "Nikamwambia ni mjukuu wake. Nilimwambia hivyo yeye, aliyekuwa anamlisha. Unataka nikae na hilo peke yangu mpaka nife, na wao wakae na mita iliyoamka?"

"Nataka tuwe na huruma."

"Hata Jedwali liliandikwa kwa huruma."

Alichukua daftari, akarudi chumbani kwake. Mahali pa nguvu ya mzee Gwakisa hakuandika sifuri. Aliandika herufi, kisichojulikana cha tatu, na kwa kuwa wasiojulikana watatu wanataka milinganyo mitatu, aliichukua mita iliyolala na kuifanya shahidi wa tatu. Ilimchukua asubuhi nzima, kwa sababu ya watoto kuwa wawili. Mkondo wa mzee ulitoka hasi sifuri nukta nane. Akaitia karatasi sahihi, na chini yake akaandika kwa wino: *Mimi Subilaga nilisuluhisha nyumba 88 kwa uongo wa Jedwali, na nyumba nyingine arobaini kabla yake. Isomwe barazani.* Akaisukuma kwenye tundu.

Kwa sheria hiyo ilitosha. Ambakisye angeweza kuandika sifuri yake, karatasi zisingelingana, na mzee Gwakisa angebaki na mizinga yake. Mtu mmoja mkaidi alitosha kuuzuia mkono wa pili, na katika miaka mitatu hakuna aliyewahi kulifikiria hilo.

Alisubiri. Upande wa pili haukukohoa. Jua lilikuwa limeshahama kwenye meza wakati karatasi ya Ambakisye ilipokuja. Ilikuwa imefutwa hadi kuchanika sehemu moja, mahali pa sifuri, na juu ya mchaniko ule palikuwa na herufi. Jawabu lililingana na lake mpaka tarakimu ya mwisho, pamoja na alama. Chini yake aliorodhesha nyumba alizotia sahihi, akianza na ya mama yake.

*

Baraza lilisomewa Ijumaa. Yaliyotokea Isangala baada ya hapo, mawe yaliyorushwa kwenye dirisha la chumba cha wasuluhishi, na mama mmoja aliyekwenda kukaa chini ya mita yake siku nne bila kula, yana mahali pake pa kusimuliwa. Jumamosi Subilaga alikuwa nyumbani. Alikuwa bado na mtu mmoja wa kumwambia, na huyo hakuwa barazani.

Sekela alikuwa mezani na kitabu cha bibi yake, sura ya sita. Waya wake ulining'inia juu, na pembeni yake kwenye reli ilibaki kulabu moja tupu.

"Mama, hii sura hatukuimaliza," alisema. "Bibi alisema ya mwisho nitafanya na wewe."

"Alisema lini?"

"Ile asubuhi. Alisema utakuwa unajua jibu, lakini nisikubali uniambie."

Subilaga alivuta kiti. Alichora pete mbili zilizoshikana. Aliandika kumi, nne, tatu, mbili, na mahali pale pengine akaandika nane, kwa tarakimu nzuri isiyokandamizwa. Akamwachia mtoto penseli na mishale.

Sekela aliichora kama kila mtu wa Isangala anavyoichora, mmoja kutoka ukutani, mmoja kuingia kwa bibi. Alifanya kazi taratibu, akipumzika kati ya mistari, ulimi umetokeza pembeni mwa mdomo. Alizidisha mlinganyo wa juu kwa tatu na wa chini kwa saba. Alitoa. Akapata hasi ishirini na sita sawa na 26y, akagawanya, akatazama alichoandika, akakunja uso.

"Nimekosea," alisema. "Imetoka hasi moja. Mtu hawezi kupokea hasi moja."

Akanyoosha mkono kuchukua raba. Subilaga aliuwahi ule mkono, akaushika kwa mikono yake yote miwili, na safari hii hakuuachia.

"Usifute, mwanangu," alisema. "Huyo ni bibi yako. Ngoja nikuambie nilichomfanyia."